Nani Alikoboa Mahindi?

Desemba iliyopita, nikiwa nyumbani Sultan Hamud, niliweka picha ya muthokoi Instagram. Bakuli jeusi, dania juu, kijiko cha mbao pembeni, mwanga wa saa kumi na moja jioni. Chakula hakikuwa kimepoa na tayari nilikuwa na laiki za kutosha kujiona mtu. Halafu picha ikafika kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, hadi leo sijui nani aliipeleka, na shangazi yangu akaandika maneno matatu tu: "Nani alikoboa mahindi?"

Nilikasirika. Ilinichukua siku mbili kukubali kwamba ni yeye peke yake aliyekuwa ameisoma ile picha.

Kwa msiolelewa Ukambani: muthokoi ni mahindi yaliyotolewa ganda la nje, yakapikwa na maharagwe au mbaazi. Kazi yake kubwa iko kabla ya sufuria. Mahindi yanarashiwa maji, yanatwangwa kwenye kinu mpaka ganda liachie, yanapepetwa, ndipo yachemshwe kwa masaa. Siku hizi unayapata sokoni yakiwa yameshakobolewa, na mimi niliyatoa huko. Nilianzia sufuriani. Video nyingi za muthokoi nilizotazama zinaanzia hapo hapo: "Chukua muthokoi wako, osha." Wako umetoka wapi? Mikono ya nani?

Hapo ndipo nina shida na utanzu huu wa chakula cha nyumbani mtandaoni. Nauita utanzu makusudi, maana una kanuni zake kama shairi. Mikono bila uso. Sufuria bila masizi. Kitunguu kinachofika kikiwa kimekatwa. Na hadithi inaisha kila mara kwenye tonge la kwanza, kabla ya vyombo. Sisemi utanzu hauna faida. Kaluhi Adagala na Kaluhi's Kitchen yake wametusaidia wengi kuona chakula chetu cha kila siku kama kitu cha kujivunia, si cha kuficha mgeni akibisha hodi. Lakini kadiri picha inavyozidi kuwa safi, ndivyo aliyefanya kazi anavyozidi kupotea.

Basi shangazi ni mhakiki mzuri? Nusu. Wiki hiyo hiyo kaka yangu aliposti noodles na yai la kukaanga. Shangazi, yule yule: "Chef wetu! Huyo atakayeolewa na wewe amebarikiwa." Hakuuliza nani alikata kitunguu. (Nilikata mimi.) Yaani jicho lake linaona kazi vizuri kabisa, ila linaiona mikononi mwa wasichana peke yao. Picha ya kaka ni kipaji. Picha yangu ni ripoti ya shule, nayo inapelekwa kwa wazazi isainiwe: ameiva au bado?

Kesi hii ni ya zamani. Mwaka 1966 Okot p'Bitek alichapisha Song of Lawino, na ukiisoma leo utadhani Lawino ana akaunti. Anatutembeza jikoni: vyungu, kuni, mawe ya kusagia, kila kitu kinakaa wapi. Na tofauti na sisi, hafichi jiwe la kusagia. Kazi yote imo ndani ya fremu. Hapo anatushinda. Lakini angalia anamwonyesha nani. Anamwonyesha Ocol, mume aliyemwacha akamkimbilia Clementine, na anawaita watu wa ukoo wawe mashahidi. Jiko lake ni ushahidi mbele ya baraza. Nampenda Lawino, lakini hapo naogopa kumfuata. Ukipika kama ushahidi, hata ukishinda kesi, umeshakubali kwamba wale wana haki ya kukuhukumu kwa sufuria yako.

Na sisi tunafanya hivyo kila wikendi. Tunajiambia tunaposti kwa ajili yetu wenyewe, huku tunachungulia kama mama ameona. Tunapunguza pilipili kwenye maelezo ili fulani asiseme. Mwenzangu mmoja hununua chapati kibandani, anazipanga kwenye sahani ya kwao na kupiga picha. Huyo hadanganyi wafuasi wake. Anadanganya ukoo.

Ukiendelea na barabara ya Mombasa kutoka Sultan Hamud, ukapita Emali, utafika Makindu. Pale kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, na msafiri yeyote hulishwa bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa, unaletewa chapati na dengu. Watu hupiga picha pale pia. Lakini sijawahi kuona mtu akiuliza kama aliyepika dengu hizo ana mume, au anazipika kama mama yake. Chakula kinasifiwa, mpishi hashtakiwi. Kumbe inawezekana, tena ndani ya kaunti yetu hii hii ya Makueni.

Sitaki tuache kuposti. Nataka picha zinazojibu swali la shangazi, na zinazomuuliza yeye lake. Kwa hiyo nilirudi kwenye picha yangu nikafuta "homemade with love" nikaandika: "Mahindi yamekobolewa na mama mmoja sokoni, tulimlipa. Maharagwe yamechaguliwa na mama. Kitunguu ni mimi. Kuni ni mimi. Vyombo: zamu ya kaka."

Laiki hazikuongezeka. Shangazi aliweka kidole gumba, bila neno. Kaka akaja jikoni kuniambia nimemwaibisha mbele ya watu.

Nikamwonyesha karai. Akaosha, akinung'unika, na hakuna aliyempiga picha.