Mwiko, Hati na Mchanga wa Biliqo

Mwigizaji aliyekuwa Kenga ndiye aliyekuwa Ngurumo pia. Niliijua siri hiyo kabla ya shule nzima, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa mtungi nikaambiwa niwapelekee wageni maji nyuma ya pazia.

Ilikuwa mwaka wa 2018, nikiwa kidato cha nne katika shule ya bweni mjini Isiolo. Kikundi cha waigizaji kilikuwa kimetoka Nairobi kwa matatu kuja kutuchezea Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeingia kwenye mtihani. Michezo ya tamasha za shule tulikuwa tumeiona. Watu wanaokula kwa kuigiza, sisi tuliotoka mbali na mji, kule Biliqo, Bulesa na Merti, tulikuwa hatujawaona. Na tofauti ilianza kabla hata hawajavaa maleba. Mmoja wao aliingia bwaloni, akasimama katikati, akapiga makofi mawili, akanyamaza. Akahamia pembeni, akapiga tena. Kisha akawaambia wenzake wasogeze meza, wataipa kona mgongo.

Wakati ule nilidhani ni mbwembwe. Sasa najua alikuwa akipima ukumbi. Bwalo la paa la mabati na sakafu ya saruji hurudisha sauti kutoka kila upande. Neno moja hukufikia mara mbili tatu, kila mara limechelewa kidogo, na mwishowe unabaki na mvumo tu. Anayesimama mbele ya kuta mbili zinazokutana, sauti yake hukusanywa mgongoni na kusukumwa mbele kwa pamoja. Mwangwi unaobaki humezwa na miili ya wanafunzi waliobanana kwenye mabenchi. Hawakuwa na kipaza sauti hata kimoja, na wa benchi la mwisho walimsikia mhusika Tunu kama vile yuko mezani kwao.

Pazia lilikuwa shuka nyeusi juu ya kamba ya katani. Nilikaa mwisho wake na mtungi wangu, nikiona pande zote mbili: huku Sagamoyo ya tamthilia, kule mwanamume anahangaika na kifungo cha koti. Walikuwa waigizaji sita, na wahusika wa Kigogo ni wengi kuliko hao mara mbili. Kenga, mshauri wa mtawala Majoka, na Ngurumo, mlevi wa Mangweni, hawakukutana jukwaani katika onyesho tuliloliona, kwa hiyo mtu mmoja aliwamudu wote wawili. Kubadilika kulimchukua muda wa kunywa mafunda matatu ya maji yangu. Koti lilivuliwa, shati likachomolewa, lakini hayo hata sisi tungeweza. Nilichokikodolea macho ni miguu. Kenga alisimama kwa visigino, kifua kikimtangulia. Ngurumo aliuhamishia mwili wote kwenye nyonga moja, magoti yakalegea, na maneno yakawa yanamtoka kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Tena hakuanza kuwa Ngurumo alipotokea mbele yetu. Alipiga hatua tatu za kilevi nyuma ya shuka, mahali ambapo hakuna wa kumwona ila mimi, ili akitokeza awe ametoka mbali.

Halafu mwiko. Tamthilia inafungukia kwenye karakana ya soko la Chapakazi, Sudi na wenzake wakichonga vinyago. Gogo la kuchonga halikuwepo. Wachongaji walichezesha mikono hewani, na nyuma ya shuka mwenzao mmoja akawa anapiga mwiko wa jikoni kwenye ubao, ko, ko, ko, akiyafuata mapigo ya mikono yao. Baada ya dakika moja tuliliona gogo. Na kabla Kenga hajatokea, mwiko ulinyamaza. Sekunde mbili hivi. Bwalo zima likanyamaza nao, tukageuza shingo kutazama anakuja nani. Hofu ya watu wa Sagamoyo tuliisikia kabla haijatamkwa, na kilichoileta kilikuwa kifaa cha kusongea ugali kilichoazimwa kwa mpishi wetu saa moja kabla.

Katikati ya onyesho kamba ilikatika. Shuka ikaanguka na waigizaji wawili wakabaki wazi, mmoja mguu ndani ya suruali, mwingine nje. Mamapima, aliyekuwa akiuza pombe yake, hakusita: aliiokota shuka, akaikung'uta, akaikunja taratibu kama nguo iliyotoka kuanikwa, huku akiwalaani wateja wanaomchafulia nguo. Tulicheka hadi walimu wakasimama. Baadaye tulibishana bwenini kama hilo limo kitabuni. Halimo. Nilikwenda kuhakikisha kwa tochi.

Mara ya pili kuwatazama waigizaji wa aina hiyo nilikuwa mwanafunzi wa chuo, Mei 2022, katika Kenya National Theatre, Barabara ya Harry Thuku, mkabala na hoteli ya Norfolk. Nairobi Performing Arts Studio, chini ya mwelekezi Stuart Nash, ilikuwa imeirudisha jukwaani Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, tamthilia iliyojaa nyimbo na ngoma. Siku fulani ilichezwa kwa Kiingereza, siku fulani kwa Gikuyu. Mimi nilikosea tarehe, kosa langu mwenyewe, nikajikuta nimekaa katikati ya watu wanaocheka kwa lugha nisiyoijua hata salamu yake ya pili. Lugha yangu ni Kiborana. Kitabu nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo kisa nilikijua, lakini maneno yalinipita kama magari ya barabara kuu. Nashukuru. Sikio lilipokosa kazi, jicho lilifanya ya mawili.

Chukua hati. Kiguunda, kibarua maskini, ana ekari moja na nusu, na waandishi wenyewe wameagiza hati ya shamba hilo itundikwe ukutani nyumbani kwake. Ni karatasi tu. Lakini mtu anaitazama, anaishusha, anairudisha, na kila akifanya hivyo mtazamaji anaongezewa uzito wa ile karatasi bila kuhubiriwa. Ikifika mahali ambapo Kiguunda anashawishiwa akope benki ili afunge ndoa ya kanisani ifanane na za matajiri, na hati ndiyo rehani, hakuna anayehitaji kamusi. Ukuta umebaki mtupu. Mzee mmoja kando yangu alishusha pumzi ndefu. Mimi nilikuwa nimeshashusha yangu. Huu ni ufundi wa subira: kitu kilekile kionyeshwe mara tatu kikiwepo, ili kutokuwepo kwake kuwe tukio. Kikundi cha shuleni kilifanya vivyo hivyo kwa sauti: mwiko tukauzoea, kisha ukanyamazishwa.

Pili, wakati uliopita. Tamthilia hii inarudi nyuma kwenye ujana wa Kiguunda na mkewe Wangeci na kwenye miaka ya hali ya hatari ya kikoloni, na hairudi kwa masimulizi peke yake. Inarudi kwa wimbo, ngoma na vitendo. Jukwaa lenye mitambo linasaidiwa hapo na taa. Taa ya mbele hutundikwa juu na kando ya mwigizaji, ikimwangukia usoni kwa mshazari. Ikimwangaza wima kutoka utosini, macho yanageuka mashimo. Ya nyuma humbandua ukutani. Ukizipunguza hizo na kuzamisha kila kitu katika rangi moja, mtazamaji anajua tumetoka leo tukaenda jana. Nikiri kwamba kitu hiki kilinilevya. Mtoto aliyekulia kwenye mwanga wa jua, mbalamwezi na moto wa kuni hajawahi kuona jioni inayoingia kwa amri ya mtu.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimsimulia Akko, nyanya yangu, tukinywa buna, kahawa yetu. Nilieleza giza, taa, viti vya safu safu, watu walivyotulia tuli.

"Mlikaa gizani mkanyamaza?" akauliza.

"Ndiyo, Akko."

"Sasa msimulizi alijuaje kama mko macho?"

Sikuwa na jibu la maana. Kwetu anayesimulia usiku huitikiwa. Asipoitikiwa hukoma, kwa kuwa amewalaza. Na wanaonyweshea mifugo kwenye visima vya mchangani, mto Ewaso Ng'iro unapokauka, hupokezana maji kwa wimbo. Anayeacha kuitikia anamwagikiwa na ndoo. Swali la Akko ni la kiufundi kabisa, na jibu lake bora halikutoka kwenye ukumbi wa Nairobi. Lilitoka Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mahali tamthilia hiyohiyo ilipozaliwa.

Huko, mwaka 1977, wanakijiji walijijengea jukwaa la wazi: ulingo ulioinuliwa wa umbo la nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, na nyuma ya mianzi kijumba cha vyumba vitatu cha kuwekea vifaa na kubadilishia nguo. Viti vilikuwa mbao ndefu zilizopangwa kama ngazi, za kutosha watu zaidi ya 2,000, bila paa. Tazama mchoro huo kwa jicho la fundi. Ukuta uliopinda unafanya kazi ileile ya kona ya bwalo letu, kuirudisha sauti kwa watu. Ngazi zinampa wa nyuma mstari wa kuona. Na kwa kuwa viti na ulingo karibu vinaendeleana, mwigizaji na mtazamaji wanaangaziwa na jua moja, wanaonana. Hakuna anayeweza kulala bila kuonekana.

Jambo kubwa zaidi lilifanyika kabla ya siku ya kwanza. Mazoezi yalifanywa hadharani. Mpita njia aliweza kusimama na kutazama, na wanakijiji waliwasahihisha waandishi: mzee haongei hivi, wimbo huu hauanzi hapo. Kufikia 2 Oktoba 1977, siku ya ufunguzi, sehemu kubwa ya watazamaji ilikuwa inazijua nyimbo, wengine hata maneno. Serikali ilipiga maonyesho marufuku tarehe 16 Novemba. Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini Desemba. Machi 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Nadhani waliolibomoa walielewa ufundi wake kuliko wahakiki wengi.

Hata hiyo Kenya National Theatre, iliyofunguliwa 1952, imewahi kutokwa na watu wake. Oktoba 1976, tamthilia ya The Trial of Dedan Kimathi ilipochezwa humo, watazamaji waliungana na waigizaji katika wimbo wa mwisho wakatoka nao wakicheza hadi barabarani. Jengo halikuwataka wafanye hivyo. Linawapanga watu safu safu wakitazama mbele kama wasafiri wa basi. Ndiyo maana, pamoja na utamu wote niliouonja mwaka 2022, nyimbo za Ngaahika Ndeenda zilinijia kama mtu anayeimba akiwa ndani ya nyumba nami niko uani. Zilitungwa zipokewe. Sisi tulizipigia makofi.

Sasa nirudi kwetu, maana safu hii haitakuwa na faida ikiishia kwenye viti vya Nairobi. Enyi wenye vikundi vya maigizo, Biliqo hakuna ukumbi. Lakini palipo na laga, mto uliokauka, pana ukumbi nusu: ukingo mmoja una mteremko wa kukalia, mchanga wa chini ni ulingo, na ukingo wa ng'ambo ukiwa wima ni ukuta wa kurudisha sauti. Mchanga una ila moja, unakula sauti na kuchosha miguu, kwa hiyo tandikeni mikeka na muucheze mchezo karibu na ukuta huo wa ng'ambo. Chagueni mahali ambapo watazamaji wataelekea mashariki. Jua la alasiri litakuwa mgongoni mwao na usoni mwa waigizaji, na mkiwapanga waigizaji kwa mshazari kidogo hawatafinya macho. Hiyo ndiyo taa ya mbele, bure. Maleba yawe ya rangi kali. Rangi ya kaki hupotea kwenye ukingo.

Muda ni kati ya swala ya Alasiri na Magharibi, saa mbili na ushei hivi, basi punguzeni hotuba. Huku karibu na ikweta jua huzama kwa haraka na karibu saa ileile mwaka mzima, mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo mwelekezi mwenye akili anaweza kulipangia tendo la mwisho machweo halisi. Hakuna mtambo wa Nairobi unaoweza hilo. Fikeni siku mbili mapema mfanye mazoezi hadharani, mkiwafundisha watoto viitikio; siku ya onyesho watakuwa wamewafundisha mama zao. Kiswahili chenu baadhi ya wazee hawatakifuata. Msihangaike. Mzoesheni mtazamaji kitu kimoja, kisha mkiondoe.

Kwa hiyo nyinyi wenye vikundi, ambao kila muhula matatu zenu hufika Isiolo mjini na kugeuza: songeni mbele. Pazia tutashika kwa mikono, maji nitaleta mimi, na mwiko upo. Ila msije Aprili. Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Aberdare, maji ya Ewaso Ng'iro hushuka hadi kwetu bila wingu hata moja angani, na hayasubiri tendo la mwisho.