Ramani ya Msikiti na Haki ya Wakfu

Anayesoma historia ya Uislamu katika upwa wetu hana budi kupitia kitabu cha Peter Garlake, The Early Islamic Architecture of the East African Coast, kilichochapishwa mwaka 1966. Kwa michoro yake mtu asiyewahi kufika Kilwa wala Gedi aweza kuhesabu nguzo za msikiti na kuona umbo la mihrabu. Kwa hilo mwandishi anastahiki shukrani.

Lakini, ndugu msomaji, kalamu ya mchoraji huchagua. Garlake alichora kilichosimama, na kilichosimama ni mawe. Kwa mawe hayo akautazama usanifu wa pwani kuwa ni jambo lililoletwa kutoka ng'ambo. Hapo ndipo hoja yake inapopwaya. Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa Ijumaa mabaki ya misikiti iliyoutangulia, ule wa mwanzo ukiwa wa miti, wa karne ya 8 Miladia. Uliacha mashimo ya nguzo tu.

Na kwa nini tustaajabu? Msikiti wa Mtume (s.a.w.) kule Madina ulikuwa wa matofali mabichi, nguzo zake magogo ya mtende, paa lake makuti. Mawe ya kuchonga yaliingia zama za Sayyidna Uthman (r.a.). Kwa kipimo cha mawe peke yake, hata msikiti huo usingepata ukurasa.

Garlake aliandika juu ya pwani, hivyo si haki kumlaumu kwa kutofika Upare. Lawama ni yetu tuliorithi jicho lake. Chukua Makanya, wilayani Same, penye mkonge na reli ya Tanga kwenda Moshi, iliyofika Moshi mwaka 1911. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyahifadhi moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Msikiti wa miti na udongo uliojengwa baada ya reli hauna mchoraji, wala tarehe hiyo haiufikii.

Hili si suala la makumbusho tu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, msikiti ukianguka ardhi yake hubaki wakfu: haiuzwi, wala hairudi kwa aliyeitoa. Hukumu iko wazi, ila mbele ya mgogoro wa kiwanja itatakiwa bayana: mpaka ulipita wapi? Kuta za udongo zikivunjwa kupisha matofali ya saruji bila kupimwa, bayana inabaki vifuani mwa wazee, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Futi kamba, karatasi, alama ya kibla, majirani wa pande nne, jina la aliyetoa wakfu na sahihi za mashahidi. Nakala moja ikae kwa wadhamini wa msikiti, nyingine mbali na hapo, kabla fundi hajashika sururu.