Risasi Iyeyushwayo na Risasi Ipigwayo: Uhakiki wa Tafsiri ya Mwongozo wa Bastola za Shabaha

"Chukua risasi kuukuu, uziyeyushe katika sufuria ya chuma, kisha uzimimine katika kalibu." Sentensi hii tumeikuta katika sura ya nne ya mswada wa tafsiri ulioletwa kwetu tukague istilahi zake kabla haujapelekwa kupigwa chapa. Ni Kiswahili safi. Hakuna humo neno geni hata moja, na upatanisho wake wa kisarufi hauna kasoro. Lakini msomaji atakayeitii kama ilivyo atatia motoni risasi nzima nzima, pamoja na fataki na baruti zilizomo ndani yake. Alichokusudia mwandishi wa asili ni vipande chakavu vya madini ya risasi, ambayo huyeyuka katika joto la sentigredi 327. Lau mfasiri angaliandika "uiyeyushe", kiambishi hicho kimoja kingalimwelekeza msomaji kwenye madini. Alipoandika "uziyeyushe" alimwelekeza kwenye vitu vinavyohesabika, na risasi zihesabikazo ni zile zitiwazo katika bunduki.

Mswada wenyewe ni tafsiri ya mwongozo wa Kimarekani juu ya mambo mawili: kuchagua bastola ya kushindania shabaha, na kujitengenezea risasi zake kwa mkono. Huenda wasomaji wengine wakashangaa kuona mambo hayo mawili katika kitabu kimoja. Sababu imo katika mchezo wenyewe. Katika mashindano ya bastola ya jadi ya Marekani, yanayopigwa kwa mkono mmoja kutoka yadi 50 na yadi 25, mshindani wa duru kamili hupiga mara 270 akitafuta alama 2,700: mara 90 kwa bastola ya .22, mara 90 kwa bastola yoyote ya fataki ya katikati, na mara 90 kwa bastola ya .45. Risasi ya .22 haijazwi tena, kwa kuwa kilipuzi chake kimo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na ukingo ukishagongwa umekwisha kazi. Zilizobaki, ambazo ni theluthi mbili ya zote, fataki yake ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako. Hung'olewa, ikatiwa nyingine, na ganda lile lile la shaba likatumika tena mara nyingi. Ganda ndilo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote, basi mshindani asiye tajiri hujifunza kulijaza mwenyewe. Kwa hiyo achaguaye bastola huwa anachagua pia kazi atakayoifanya mezani jioni.

Neno risasi limetujia kutoka Kiarabu, na huko ni jina la madini. Zamani za gobore, baruti, fataki na kipande cha madini vilikuwa vitu vitatu mbalimbali mfukoni mwa mwindaji, wala haikuwapo haja kubwa ya jina la kitu kizima. Ilipokuja risasi ya kisasa, yenye vyote ndani ya ganda moja, jina la sehemu likapewa kitu kizima, na likabaki vile vile kwa sehemu na kwa madini. Mtaani hakuna anayedhurika kwa hilo. Katika mswada huu madhara yapo. Sura ya sita inasema: "Risasi ikikwama, vuta nyuma, uitoe, uendelee." Ikiwa kilichokwama ni risasi nzima katika chemba, agizo hilo ni sahihi. Ikiwa ni kile kipande cha madini kilichosimama katikati ya mtutu kwa sababu baruti ilikuwa haba, mpigaji atakayeendelea ataupasua mtutu. Katika kitabu cha asili hayo ni mambo mawili yenye maneno mawili, na katika tafsiri yamekuwa jambo moja.

Mmoja wetu alipendekeza tufufue "kiasi cha bunduki", ambalo katika Kiswahili cha zamani lilikuwa jina la kipimo cha mpigo mmoja. Ni neno zuri, na tulilipenda kwa muda wa asubuhi moja, mpaka tulipojikuta tumeandika "kiasi cha baruti kitiwacho katika kila kiasi". Tuliloafikiana ni hili: risasi libaki kuwa jina la kitu kizima, madhali umma na sheria vimekwisha lizoea, kirukacho kiitwe kichwa cha risasi, kibakicho kiitwe ganda, fataki na baruti zibaki kama zilivyo, na yakitajwa madini, yatajwe daima kwa maneno mawili, "madini ya risasi". Maofisa wa serikali wasilione hili kuwa jambo la wachezaji wa shabaha peke yao. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 inayosimamia silaha za moto na risasi. Je, mtu akikutwa na mfuko wa maganda matupu, karani atakayeandika maelezo yake kwa Kiswahili ataandika kwamba amekutwa na risasi?

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika jedwali za vipimo. Wamarekani hupima baruti na vichwa vya risasi kwa kipimo kidogo sana ambacho jina lake la Kiingereza maana yake ni punje. 7,000 zake hufanya ratili moja ya Kiingereza, na moja ni miligramu 64.8. Katika nusu ya kwanza ya kitabu mfasiri amekiita "punje". Katika nusu ya pili, pengine kwa kuwa kitabu cha asili kilianza kutumia kifupisho, amekiandika "gm". Makosa yote mawili ni mabaya, lakini si kwa kadiri moja.

Gramu moja ni sawa na vipimo hivyo 15.4. Kichwa cha kawaida cha shabaha cha .38, chenye uso bapa ili kitoboe tundu la mviringo lililo safi, huwa na vipimo 148, yaani gramu 9.6. Mswada unakipa "gm 148". Kosa hilo halitamdhuru mtu, maana msomaji atacheka tu. Lakini baruti ya risasi hiyo aghalabu haifiki hata vipimo 5, yaani haifiki theluthi moja ya gramu. Ikiandikwa "gm 3" hakuna kichekesho cha kumwonya msomaji. Gramu tatu hazitaenea katika ganda, lakini ataendelea kumimina mpaka ukingoni, na kabla ya kufika huko atakuwa amekwisha pita mbali mno kile ambacho bastola inaweza kuhimili. Ganda la .38 lilibuniwa kwa baruti nyeusi, na kwa baruti ya siku hizi lina nafasi ya kupokea mara mbili na hata mara tatu ya kipimo bila kufurika. Methali ya haba na haba haifai kupelekwa kwenye meza hiyo.

Na hilo "punje" je? Tunakiri kwamba sisi wenyewe lilituvutia. Tumefundishwa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na kukopa ugenini iwe hatua ya mwisho. Lakini baruti nayo ina punje zake, zinazoonekana kwa macho. "Baruti punje 3" yaweza kusomwa kuwa ni chembe tatu za kuhesabu kwa ncha ya kisu. Neno likijulikana mno, msomaji hasiti wala haulizi. Neno geni humsimamisha, akatafuta maana yake mwanzoni mwa kitabu. Kwa sababu hiyo tumeshauri "greini", iandikwe kwa ukamilifu kila mahali, isifupishwe kamwe, na kila jedwali liweke miligramu pembeni yake.

Kasoro hiyo hiyo imo katika "kushindilia", neno alilolichagua mfasiri kwa kazi yote ya kujaza maganda. Gobore hushindiliwa, risasi ya bastola haishindiliwi. Kichwa kikisukumwa ndani ya ganda kupita kina kilichoamriwa, nafasi ya baruti hupungua na mkandamizo hupanda ghafla. Tumeweka "kujaza" kwa ganda na "kupakia" kwa bastola.

Kalibu nalo lilitutatiza. Mfasiri amelitumia kwa chombo cha kumiminia madini, na hapo amepatia. Kisha akalitumia tena kwa ukubwa wa bastola, pengine kwa kusikia "kaliba" akadhani ni neno lile lile. Kwa kweli husemwa kwamba la Ulaya nalo lilitoka katika Kiarabu hicho hicho, lakini undugu wa maneno haumsaidii fundi. Wala "kipenyo" halifai mahali pake: bastola ya .38 kwa jina ingekuwa na milimita 9.65, ilhali kichwa cha risasi yake ni takriban milimita 9.1. Kaliba ni jina, si kipimo, na liachwe liwe jina.

Sura za kuchagua bastola ni bora kuliko hizo. Mshiko, mtutu, magazini, pengo la kulengea: yote yasomeka bila kikwazo, na maelezo ya kwa nini mwanafunzi aanze na .22 ni ya kupigiwa mfano. Tumegusa jambo moja tu, "uzito wa kifyatulio". Kiambatisho cha kanuni za kimataifa chataka uzito huo usipungue gramu 1,000 kwa bastola ya fataki ya katikati, ilhali bastola yenyewe haitakiwi kuzidi gramu 1,400. Msomaji atajiuliza ni kifyatulio gani hicho kilicho kizito karibu kama bastola nzima. Kinachopimwa ni nguvu ya kukivuta: mtutu huelekezwa juu, jiwe la mizani likaning'inizwa kwenye kifyatulio, na bastola ikainuliwa pamoja nalo. Tumeandika "uzito wa kuvuta".

Hatujapata kupiga shabaha maishani mwetu. Maganda tuliyoyatazama tulionyeshwa na askari mmoja mstaafu, aliyesoma sura ya nne mara mbili kisha akauliza kama mfasiri yu hai. Mswada tumeurudisha. Sura za kuchagua bastola zaweza kwenda mtamboni baada ya masahihisho hayo. Sura za kujaza maganda tumeomba zizuiliwe mpaka kila tarakimu ya jedwali ilinganishwe upya na kitabu cha asili, na alinganishaye awe mtu aliyewahi kupima baruti kwa mkono wake.