Swali Moja la Aljebra: Jinsi Kompyuta Inavyosahihisha Mazoezi ya Chuo

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza swali hili: andika x² − 5x + 6 kwa vigawo. Jibu ni (x − 2)(x − 3), na mhadhiri mwenye kalamu nyekundu hulisahihisha kufumba na kufumbua. Kinachomlemea ni wingi wa daftari. Darasa likiwa na mamia ya wanafunzi, zoezi hurudi baada ya wiki kadhaa, mada imeshapita, na aliyekosea ameshazoea kosa lake. Mifumo ya mazoezi ya mtandaoni ilibuniwa ili mwanafunzi ajibiwe angali na swali kichwani. Lakini ubora wake unategemea jambo ambalo vyuo huliangalia mwisho, kama huliangalia kabisa: kazi ya mhadhiri anayeliandika swali.

Njia nyepesi ni kumpa mwanafunzi majibu manne achague moja. Kwa swali letu njia hiyo haipimi kitu, kwani atazidisha mabano ya kila jibu mpaka apate linalolingana, bila kutafuta kigawo hata kimoja. Lazima aandike jibu lake mwenyewe. Hapo ugumu unaanza, maana jibu sahihi lina sura nyingi. (x − 3)(x − 2) ni sahihi. (2 − x)(3 − x) nalo ni sahihi. Programu inayolinganisha herufi kwa herufi ingewadhulumu wote wawili.

Njia mbili za kulitatua hili zimepata umaarufu. Ya kwanza ni ya WeBWorK, mfumo ulioanzishwa mwaka 1996 na Arnold Pizer na Michael Gage katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Mfumo huo huchagua thamani kadhaa za x kwa nasibu, huziweka kwenye jibu la mwanafunzi na kwenye jibu la mhadhiri, kisha hutazama kama matokeo yanakubaliana. Ni njia ya haraka, ila inadai uangalifu. Kipeuo cha pili cha x² na x yenyewe hutoa matokeo yale yale x ikiwa chanya, na hutofautiana ikiwa hasi. Mhadhiri asipopanga vizuri thamani zitoke wapi, jibu bovu litapata alama zote.

Ya pili ni ya STACK, mfumo ulioanzishwa na Chris Sangwin mwaka 2004 alipokuwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Huu unategemea Maxima, programu ya aljebra inayotokana na Macsyma ya MIT. Maxima hutoa jibu moja kwenye jingine, hurahisisha tofauti yake, na ikibaki sifuri majibu ni sawa. Hata njia hii ina ukomo: mwaka 1968 Daniel Richardson alithibitisha kwamba, ukishachanganya vitu kama sini na vipeo vya e, hakuna utaratibu mmoja wa kompyuta unaoweza kuamua kwa kila mtajo kama ni sawa na sifuri. Kwa maswali ya mwaka wa kwanza ukomo huo hausumbui sana.

Sasa fikiria mwanafunzi anayeandika x² − 5x + 6, yaani swali lenyewe. Kwa aljebra amepatia kabisa, kwa kuwa mitajo hiyo miwili ni sawa. Kwa hiyo mhadhiri lazima auagize mfumo uulize mambo mawili: je, jibu ni sawa na lililotarajiwa, na je, limeandikwa kwa vigawo? STACK ina vipimo tofauti kwa kila jambo, lakini ni mwandishi wa swali anayeamua kipi kitumike, na kwa mpangilio gani.

Mpangilio huo ndio kiini cha kazi yote. Mwandishi wa swali hujenga mti wa maamuzi: jibu likishindwa kipimo hiki, lipitie kile, na kila tawi lina maneno ya kumwambia mwanafunzi. Aliyeandika (x + 2)(x + 3) amekosea alama. Mabano yake yakizidishwa huleta +5x. Aliyeandika (x − 6)(x + 1) amepata jumla ya −5, lakini zao lake ni −6. Aliyeandika (x − 1)(x − 6) ana zao sahihi la 6, ila jumla yake ni −7. Aliyeandika x = 2 na x = 3 ametatua mlinganyo ambao hakuulizwa. Wanne hawa wamekosea, na kila mmoja anahitaji neno lake. Mfumo unaowaambia wote "si sahihi" umewapa alama bila kuwafundisha.

Kompyuta haiyabuni matawi hayo yenyewe. Yanatoka kwa mtu aliyesahihisha daftari nyingi, akajua wanafunzi wake hukosea wapi.

Baada ya hapo kuna uchapaji. Kwenye simu mtu huandika x^2 kwa maana ya x², na wengine husahau alama ya kuzidisha. STACK humwonyesha mwanafunzi kwanza jinsi ilivyolielewa jibu lake, kwa maandishi ya kawaida ya hisabati, kabla ya kutoa alama. Hatua hiyo ndogo hutenganisha kosa la kidole na kosa la hesabu, na hulinda imani ya mwanafunzi kwa mfumo.

Kisha kuna kunakili. Mfumo humpa kila mwanafunzi namba zake, hivyo wawili wanaoketi pamoja hulazimika kujadili njia, kwa kuwa majibu yao hayafanani. Hapa pia namba nasibu zinahitaji macho ya mtu: vigawo vyote viwili vikitokea kuwa (x − 2), swali limebadilika na ugumu wake si uleule. Ndiyo maana waandishi makini hukagua matoleo kabla ya kuyafungua kwa darasa.

Chuo Kikuu cha Maseno nchini Kenya kimekuwa kikitumia STACK katika kozi za hisabati tangu mwaka 2019. Kwa vyuo vyetu njia hiyo iko wazi: WeBWorK na STACK zote ni programu huria zisizo na ada ya leseni. Kinachobaki kulipiwa ni seva, intaneti na, zaidi ya vyote, muda wa wahadhiri.

Muda huo ndio unaosahaulika. Chuo hufunga mfumo, huendesha semina ya siku moja, kisha humwachia mhadhiri aandike maswali usiku baada ya vipindi vyake. Matokeo yake ni maswali yenye tawi moja tu la "si sahihi." Ombi langu kwa wakuu wa idara ni kwamba kuandika na kukagua maswali kuhesabiwe kuwa saa za kufundisha, na wahadhiri wa kozi moja katika vyuo mbalimbali wagawane hazina ya maswali. Swali lililoandikwa vizuri litasahihisha maelfu ya majibu kwa miaka, na litamjibu kila mwanafunzi kwa kosa lake mwenyewe.