Barafu, Ramani na Kumbukumbu: Kukisoma Kitabu cha John Muir

Kitabu cha John Muir, Travels in Alaska, kilichotolewa mwaka 1915, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, husifiwa aghalabu kwa jinsi kinavyoieleza barafu. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini yatupasa kuuliza na jambo la pili: katika safari ile, ni nani aliyekuwa na elimu ya pwani, na kitabu kimempa nafasi gani?

Mwezi wa Oktoba 1879 Muir alitoka Fort Wrangell kwa mtumbwi, pamoja na mmisionari S. Hall Young na Watlingit wanne: Toyatte aliyekuwa nahodha, Kadachan, John mkalimani, na Charley wa Sitka. Mchana waliifuata pwani kwa makasia, na usiku wakapiga hema ufuoni. Hatimaye wakaingia ghuba iitwayo leo Glacier Bay, ambamo mito ya barafu hutambaa polepole kutoka milimani hata ikamegukia baharini. Hapo ndipo lugha ya Muir ifikapo kilele. Hatosheki kuustaajabia weupe. Hueleza pia jinsi barafu inavyosaga mwamba na kuchonga bonde, hata msomaji akaiona kazi yenyewe ikitendeka.

Alikuwa na ramani ya Vancouver, ambaye watu wake waliipima pwani hiyo mwaka 1794, nayo haikuonyesha ghuba. Haikuwa ramani ya uongo. Wakati ule barafu ilikuwa imepajaza mahali pale, kisha ikarudi nyuma zaidi ya maili 30 kabla Muir hajafika. Aliyejua ya kuwa ghuba ipo ni Charley, aliyewinda sili humo utotoni. Naye ndiye aliyeshauri wachukue kuni, kwa kuwa mbele hapakuwa na miti. Kumbukumbu ya mtu ilishinda karatasi. Muir amelisimulia jambo hili kwa uaminifu, wala hakulijengea hoja. Charley akisha kushauri, hurudi kuwa mpiga kasia. Na wenziwe waliposhikwa na hofu, hofu yao imeandikwa kama unyonge wa kuondolewa kwa hotuba ya kutia moyo.

Basi na tuweke kando yake simulizi za Wahuna, ambao ndio Watlingit wenye ghuba ile, zilizochapishwa kwa Kitlingit na Kiingereza katika Haa Shuká (1987), kitabu cha Nora Marks Dauenhauer na Richard Dauenhauer. Mwali Kaasteen, akiwa amewekwa ndani, aliiita barafu. Nayo ikaja, watu wakauhama mji. Katika usimulizi wa Susie James, abakiaye nyuma ni bibi kizee. Kwa Amy Marvin, ni Kaasteen mwenyewe. Tofauti hiyo si kasoro. Kila msimulizi anapima kwa njia yake deni la mtu kwa jamaa zake. Na wanajiolojia nao wamethibitisha ya kuwa barafu ilisonga mbele kweli katika karne ya 18.

Kwa Muir, barafu hurudi nyuma ikafunua nchi mpya; kwa Wahuna, ilikuja ikatwaa nyumba zao. Asomaye kitabu cha kwanza peke yake ataidhani pwani ile kuwa haikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo kitabu cha Muir kisiachwe, ila kisifundishwe peke yake. Maana nchi aliyoiona ikizaliwa mbele ya macho yake, wengine walikuwa wamekwisha kuililia.