Mwezi Mwandamo: Baina ya Kuona kwa Jicho na "Mimi Naona"

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeviumba jua na mwezi na kuviwekea mwendo usiokosea. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kila inapomalizika Shaaban, na kila inapokaribia kumalizika Ramadhani, Waislamu wa Afrika Mashariki hurudia mjadala uleule. Je, tufuate mwezi ulioonekana hapa kwetu au popote duniani? Je, hesabu za wataalamu zina nafasi yoyote? Je, tangazo la Mufti au la Kadhi Mkuu linatulazimu? Ndugu msomaji, makala hii haikukusudia kuufunga mjadala huo, kwani maulamaa wakubwa wamekhitalifiana ndani yake kwa zaidi ya miaka elfu moja. Inachokusudia ni kuikosoa namna yetu ya kujadiliana. Khitilafu ya maulamaa ilikuwa na milango na mipaka. Yetu imekuwa soko ambalo kila mwenye sauti hunadi maoni yake, na neno linalotawala sokoni humo ni "mimi naona".

Neno hilo lina mazingatio. Kwa Kiswahili, kuona ni kwa jicho, na pia ni kwa fikra. Kwa Kiarabu ni vivyo hivyo: ru'ya, yaani kuona kwa jicho, na ra'y, yaani rai, yametoka katika shina moja. Sharia imeusimamisha mwezi wa kufunga juu ya ru'ya. Sisi tunakaribia kuusimamisha juu ya ra'y, tena rai ya mtu ambaye hakutoka nje kuuangalia mwezi, wala hakusoma falaki, wala hakufungua kitabu cha fiqhi.

Maswali matatu yanayochanganywa

Ukiusikiliza mjadala wetu kwa makini utagundua kuwa ndani yake mna maswali matatu, na kila moja lina watu wake.

La kwanza ni la kimaumbile: jioni ya leo, mahali hapa, mwezi unaweza kuonekana? Hili ni la wenye elimu ya falaki. La pili ni la kisharia: ni kitu gani kinachothibitisha kuingia kwa mwezi, na kwa ushahidi wa watu wangapi? Hili ni la mafaqihi. La tatu ni la uongozi: nani apokee ushahidi, nani atangaze, na tangazo lake linamfunga nani? Hili ni la mwenye mamlaka na wale wanaomkubali.

Fujo huanza pale jibu la swali moja linapotumika kulijibu jingine. Mhandisi anajua saa na dakika ya kukutana jua na mwezi, kisha anadhani amekwishatoa fat-wa. Sheikh anaijua hadithi ya kufunga kwa kuuona mwezi, kisha anadhani hadithi hiyo imemjulisha kuwa shahidi wa leo hakukosea. Kiongozi ana kipaza sauti, kisha anadhani kuwa anazo elimu zote mbili. Na mtu wa kawaida, asiye na lolote kati ya hayo, anawahukumu wote watatu kwa "mimi naona".

Somo la kupatwa kwa jua

Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa. Wanafalaki wa zama zetu wanakuhesabu kupatwa huko kuwa kulitokea tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema: jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Tuzingatie hali ilivyokuwa. Maoni ya watu yalikuwa yanamtukuza Mtume (s.a.w.), na yeye alikuwa katika huzuni. Lau angenyamaza, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alisimama akawabainishia kuwa jua na mwezi ni katika ishara za Allah, na havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote, kisha akawaelekeza kwenye Swala na dua.

Hapa swali la maumbile lilipewa jibu lake na swali la ibada likapewa lake. Kosa la watu halikuachwa kwa sababu tu kwamba lina faida kwa dini. Anayeunyamazia ushahidi wa mwezi usiowezekana, kwa hoja kwamba kuukosoa kutawavunja moyo Waislamu, na airejee hadithi hii.

"Hesabu ni unajimu"

Hoja ya kwanza inayosikika misikitini ni kwamba hesabu ni unajimu, na unajimu ni haramu. Hapa neno limetuponza. Katika pwani yetu "kupiga falaki" ni kutazamia nyota ya mtu, ndoa yake na maradhi yake, na hilo hapana shaka limekatazwa. Lakini elimu ya kuhesabu mwendo wa jua na mwezi ni kitu kingine, na maulamaa waliijua tofauti hiyo. Msikiti wa Bani Umayya wa Damascus ulikuwa na muwaqqit wake, mtaalamu wa nyakati za Swala. Ibn ash-Shatir, aliyefariki mwaka 777 Hijria (1375), alishika kazi hiyo na alikuwa miongoni mwa wanafalaki wakubwa wa zama zake. Hata Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 Hijria, 1328), ambaye ndiye hutajwa sana na wanaoikataa hesabu, hakukanusha kuwa kupatwa kwa jua na mwezi kunajulikana kwa hesabu. Alichokikataa ni kuufanya mwezi wa ibada uingie kwa hesabu. Anayemnukuu kwa nusu moja na kuiacha nyingine hakumtendea haki.

"Mbona Swala tunafuata ratiba?"

Upande wa pili wanasema: ukutani msikitini mna ratiba ya nyakati za Swala, yote ni hesabu, na hakuna anayetoka kupima kivuli. Iweje hesabu ikubalike katika Swala na ikataliwe katika Saumu? Hoja hii ina nguvu masikioni, lakini ilijibiwa zamani. Imam al-Qarafi (aliyefariki 684 Hijria, 1285), katika kitabu chake al-Furuq, alieleza kuwa sharia imekufanya kupinduka kwa jua kwenyewe kuwa sababu ya Adhuhuri, basi anayekujua kwa njia yoyote imemlazimu. Ama mwezi, sababu si kuwepo kwake mbinguni, bali ni kuonekana kwake. Mtu anaweza asikubaliane na al-Qarafi, lakini hana haki ya kuirudia hoja hii kana kwamba haijapata kujibiwa.

Baina ya pande hizi mbili ipo njia ambayo mjadala wetu umeisahau, nayo imo ndani ya madhehebu ya Imam Shafii yanayosomwa katika pwani hii. Taqiyyuddin as-Subki (aliyefariki 756 Hijria, 1355) alisema kuwa hesabu ya yakini ikionesha kwamba mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa mtu mmoja au wawili haukubaliwi, kwa sababu ushahidi ni dhana na dhana haiishindi yakini. Yaani hesabu haiuthibitishi mwezi, bali inauzuia uongo na makosa. Shihabuddin ar-Ramli (aliyefariki 957 Hijria) alimpinga, akashikilia kuwa sharia imeutegemea ushahidi na si hesabu. Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 Hijria) katika Tuhfa akatoa kipimo: ikiwa wenye hesabu wameafikiana kuwa misingi yake ni ya yakini, nao wamefikia idadi ya mutawatir, ushahidi utarudishwa, vinginevyo hapana.

Basi swali la kweli la leo ni hili: je, sharti la Ibn Hajar limetimia? Hapa ndipo mwanafalaki anapostahiki kuitwa. Kwa wastani mwezi huliacha jua nyuma kwa takriban nusu digrii kila saa. Mfaransa André Danjon alibainisha katika miaka ya 1930 kuwa mwezi ukiwa chini ya takriban digrii 7 kutoka kwenye jua, hilali haionekani kwa macho. Hilali yenye umri wa chini ya saa 15 ni nadra mno kuonekana bila ya chombo.

Tunao mfano wa karibu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete, na watu wakakusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulishuhudia. Kupatwa kwa jua ni kukutana kwenyewe kwa jua na mwezi, mbele ya macho ya watu. Saa yake ilitangazwa mapema na haikukosea. Jioni ya siku ile mwezi ulikuwa na umri wa takriban saa 6. Lau angekuja mtu magharibi ile akaapa kuwa ameiona hilali, nani kati ya waliokuwa Rujewa angemkubali? Na hesabu iliyoleta habari ya siku ile ndiyo ileile inayoleta habari ya tarehe 29 Shaaban. Kwa mtazamo huu, kauli ya as-Subki, kwa sharti la Ibn Hajar, inastahiki kupewa uzito na wanaopokea ushahidi. Haiiondoi sunna ya kuutafuta mwezi. Inailinda.

Simu si shahidi

Katika usiku wa mwandamo simu hujaa habari: umeonekana mji fulani, umeonekana nchi fulani. Nani ameuona? Hajulikani. Mada ya chombo si ngeni. Waya wa simu ya maandishi ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, na mwaka 1911 Jamaluddin al-Qasimi wa Damascus aliandika kitabu juu ya kuitumia habari ya waya katika sharia. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i wa Misri naye aliandika katika zama hizo juu ya kuthibitisha miandamo. Walikubali kuwa chombo kinafikisha habari, lakini waliuliza: kwenye ncha ya pili ya waya kuna nani? Chombo hakina uadilifu wala ufasiki. Kinaubeba ukweli kama kinavyoubeba uongo. Umma uliobuni elimu ya isnadi haufai kufungua saumu kwa ujumbe usio na mwenyewe.

Tena wapo wanaofungua kalenda ya Ummul Qura kwenye simu na kusema "Makka mwezi umeandama". Kalenda hiyo, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1423 Hijria (2002), huuanza mwezi ikiwa jua na mwezi vimekutana kabla ya jua kuzama Makka, na mwezi ukazama baada ya jua. Hakuna ndani yake sharti la kuonekana. Ramadhani ya Saudia hutangazwa na Mahkama Kuu ya huko baada ya kupokea ushahidi. Anayeikataa hesabu msikitini kisha akaifuata kalenda hiyo, ameifuata hesabu bila ya kujua.

Serikali, Kadhi na tangazo

Hapa pia tuna pande mbili zinazopita mipaka. Wa kwanza husema: kilichotangazwa kimetangazwa, hukumu ya hakimu imeondoa khitilafu, nyamazeni. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini al-Qarafi huyohuyo alitofautisha hukumu na fat-wa, na hukumu inahitaji mamlaka. Zanzibar ofisi ya Mufti imewekwa kwa sheria ya mwaka 2001. Bara ipo BAKWATA iliyoundwa mwaka 1968, na mahkama ya Kadhi haimo ndani ya mahakama za dola. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, inaitaja mahkama ya Kadhi kwa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, mwezi haukutajwa. Kwa hiyo tangazo la mwezi katika nchi zetu linasimama zaidi juu ya kuaminiwa na Waislamu kuliko juu ya nguvu ya dola. Uaminifu huo haupatikani kwa kuwaambia watu wanyamaze. Hupatikana kwa kueleza nani ameshuhudia, wapi, na kwa nini ushahidi wake umekubaliwa au umerudishwa.

Wa pili husema: mimi nina dalili yangu, tangazo halinihusu. Huyu amesahau kuwa mafaqihi wa Kishafii walikwishalizungumzia suala la mtu aliyeiona hilali ya Shawwal peke yake kwa macho yake. Walisema afungue, lakini afungue kwa siri. Tazama hekima hiyo! Mtu mwenye yakini ya jicho ameambiwa yakini yake inamhusu yeye, wala asiitangaze mbele za watu. Ikiwa hayo ndiyo ya aliyeuona mwezi, basi aliyeona kwa rai tu anapanda vipi mimbari kuugawa msikiti?

Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mtwara ni pwani moja, na jua huzama humo kwa tofauti isiyofika nusu saa. Mwenye kushika rai ya kila matlai na mwezi wake, kwa kisa cha Kurayb na Ibn Abbas, hana hoja ya kuitenganisha miji hii. Mwenye kushika rai ya mwezi mmoja kwa dunia nzima naye hana hoja ya kuikubali habari isiyo na shahidi. Rai zote mbili zina maimamu wake. Uzembe hauna imamu.

Jambo hili si dogo. Kufunga siku ya Idi ni haramu, na kula siku ya Ramadhani bila ya udhuru ni dhambi. Nyumba moja baba amefunga na mwana anasherehekea, na Zakatul Fitri haijulikani mwisho wake ni lini. Lililo zito zaidi ni kijana anayesoma sayansi shuleni, akasikia imetangazwa kuwa mwezi umeonekana ilhali ulizama kabla ya jua. Huyo hatamtilia shaka shahidi peke yake. Ataitilia shaka dini.

Basi maimamu wetu na wanafunzi wa elimu, mjadala huu tuufanye Rajab na Shaaban, vitabu vikiwa wazi na mwanafalaki akiwa ameketi pamoja na faqihi, si usiku wa mwandamo. Kila atakayesema aseme anajibu swali lipi kati ya yale matatu, na kwa dalili gani. Na jioni ya tarehe 29 tutoke, tuangalie magharibi, tuone kwa macho kabla hatujasema tunaona.

Wabillahi tawfiq. Wallahu aalam.