Wawe Penye Trekta: Je, Maendeleo Yameua Wimbo wa Mkulima?

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Eldoret maana ya wawe. Atajibu bila kusita: ni nyimbo za kilimo. Muulize dhima yake. Atasema ni kuchapua kazi na kuhimiza umoja. Sasa muulize amezisikia wapi. Atanyamaza.

Aghalabu sisi walimu hueleza kimya hicho kwa sentensi moja: maendeleo yameua fasihi simulizi. Maelezo hayo hukubalika upesi hapa Uasin Gishu, ambako ngano huvunwa kwa mashine, na injini haihitaji kiitikio. Hata hivyo, hayatoshi.

Tutazame Usukuma, nchini Tanzania. Pamba, zao la biashara, ilienea huko katika karne ya 20. Kwa mantiki yetu, nyimbo zingekufa. Kinyume chake, vikundi vya kulima vilistawi. Ngoma ya bugobogobo ni ushahidi: majembe huinuliwa na kushushwa kwa mdundo mmoja. Sababu ni nini? Mashamba yalipanuka huku jembe likibaki la mkono. Mikono mingi ilihitajika pamoja. Zao lilihusu soko, lakini kazi ilibaki ya kikundi.

Ni dhahiri basi kuwa uhai wa wimbo huamuliwa na mpangilio wa kazi. Trekta ilipomtenga mkulima na wenzake, fanani alikosa wa kumwitikia.

Hapa ndipo uhakiki wetu una kasoro. Tunauchambua wawe kama shairi lililoandikwa. Mwanafunzi huona mstari uliorudiwa, akaandika "takriri", akapata alama. Ni kweli, lakini takriri hiyo ni pumzi ya mlimaji. Jembe ni ala, na hadhira ndiyo watendaji.

Anayefundishwa kwamba maendeleo yaliua wimbo hujifunza pia kwamba ujuzi wa wazee wake ni wa kale usio na faida, na kwamba maendeleo hayahojiwi. Hilo ni funzo baya kwa mtoto wa mkulima.

Mwalimu mwenzangu, wakati wa palizi ya mahindi, mtume mwanafunzi kwa nyanyake na maswali matatu: Nani aliitwa shambani? Nani alianzisha wimbo? Nani alikula mavuno? Akirudi na majibu, atakuwa ameanza kuhakiki.